Wino Nyumba Nzima

4 Februari

Binti yangu Kasuku,

Nakusalimu, wewe na mume wako na wote mnaolala chini ya paa lenu. Wote. Mimi mzima. Goti linauma asubuhi na kuniachia mchana, kama gari la dizeli: likishapata moto linakwenda. Masikio ndiyo yamefunga duka, la kulia kabisa, la kushoto linafungua linapotaka. Ndiyo maana sipokei simu zako. Ukiongea nasikia mvumo tu, kama nimekaa juu ya injini, nami nimechoka kuitikia "ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua. Karatasi haina mvumo.

Habari za hapa ni chache. Jirani yetu kinyozi amepaka kibanda chake rangi ya buluu na wateja wamepungua. Anadhani ni rangi, mimi nadhani ni mkono wake. Bati la jikoni lililokuwa linapiga kelele nimeligongelea misumari.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wewe ni mwalimu, unajua wino wa kila aina. Ile kalamu nene nyeusi, ya wino usiofutika, niliyokuwa nikiandikia shehena enzi za lori: wino wake ukishakauka kwenye meza yenye vanishi, unatolewaje? Nimejaribu sabuni, nimejaribu majivu, nimejaribu mafuta ya taa. Meza inanuka taa na wino upo palepale unanitazama.

Nijibu ukipata nafasi. Si haraka.

Baba yako,
Dereva


27 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu chini ya rundo la madaftari, ndiyo kwanza nimeipata juzi. Sisi wazima. Mume wangu amehamishiwa zamu ya alfajiri kule ghalani, siku hizi anakunywa chai gizani kama mwizi. Darasa langu limejaa mpaka wengine wanakalia dirisha. Na Mama mzima, bado yuko hapa kwetu. Najua humtaji, lakini nakujibu kwa kuwa umeandika "wote" mara mbili.

Meza unayoisema naijua. Nilipokuja huko mara ya mwisho sikusema kitu, lakini macho ninayo. Niliona D kubwa upande wa dirisha na M kubwa upande wa jiko. D kwenye kiti chako, M kwenye kabati la vyombo, D kwenye ndoo hii, M kwenye ile. Sufuria zina herufi, friji ina herufi, mpaka kochi. D ya Dereva, M ya Mama. Watu wazima wawili mmegawana nyumba kwa kalamu, na kila mmoja anapika chake. Mchana nilikula kwa Mama, jioni nikala kwako, kama mgombea anayeogopa kupoteza kura.

Haya, dawa yenyewe. Meza ya vanishi usiikimbilie spiriti. Spiriti inatoa wino kweli, lakini inakula na vanishi. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, ipake juu ya herufi, kisha kwa kitambaa laini chenye unyevu sugua polepole kufuata mistari ya mbao. Futa, tazama, rudia. Kwa friji na vioo kuna njia ya sisi walimu: chukua kalamu ya ubao mweupe, pitisha juu ya ule wino wa zamani, halafu futa vyote pamoja kabla havijakauka. Wino mpya unamlainisha mkongwe na kuondoka naye. Tunaijua kwa sababu kila muhula lazima mtu akosee kalamu ubaoni. Nimekutilia moja ndani ya bahasha.

Lakini kabla hujaanza niambie, unafuta herufi ipi?

Nilimuuliza Mama kama ana neno la kukuambia. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Mwambie afute anachotaka. Nyumba ni yake." Akaendelea kukunja.

Binti yako,
Kasuku


22 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Kalamu ilifika, bahasha imevimba kama shavu lenye jino bovu. Yule wa posta aliibonyezabonyeza mbele yangu bila haya.

Friji imekubali. Nilipitisha kalamu yako, nikafuta, herufi ikaondoka kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Nikabaki nafungua mlango na kufunga bila kutoa kitu. Kioo cha chumbani nacho kimekubali. Ndoo nimezimaliza kwa spiriti, plastiki haina maringo.

Meza ndiyo tumegombana. Dawa ya meno ilianza vizuri, weusi ukafifia ukawa kijivu, halafu ukagoma hapo. Kinyozi akaja na chupa ya spiriti anayofutia mashine zake.

"Mzee, hii kazi ya dakika moja."

"Binti yangu amekataza."

"Binti yako yuko mbali."

Tukamimina. Wino uliondoka, na vanishi ikaufuata. Sasa pale pana baka jeupe ukubwa wa sahani. Kinyozi alilitazama, akasema ana mteja anamsubiri. Hakuwa na mteja.

Nitapiga msasa na kupaka vanishi upya, nina muda. Sasa nifundishe kochi. Kitambaa kinakunywa wino, si kama mbao. Herufi iko kwenye mkono wa kochi, iliandikwa kwa kukandamiza, unaiona ukiwa bado mlangoni.

Baba yako,
Dereva


15 Aprili

Baba, shikamoo.

Tuko salama, mvua imeharibu barabara ya shule lakini tunafika. Leo sitarefusha.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye friji aliinua macho. Kwenye kioo cha chumbani alisimama akatoka uani. Kile kioo alipewa na mama yake, unajua. Baadaye akarudi, akasimama nyuma ya kiti changu. "Anaosha nyumba," akasema. "Amemaliza friji, amemaliza kioo, sasa kochi. Akimaliza hakutakuwa na alama kwamba niliwahi kukaa mle."

Nilikuuliza unafuta herufi ipi ukaruka swali. Kama unamfuta Mama, sema wazi, nami nijue namna ya kukaa kati yenu. Njia ya kochi naijua vizuri, ila sikupi mpaka unijibu.

Nisamehe ukali. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kasuku, na kasuku hajui kunong'ona.

Kasuku


9 Juni

Binti yangu,

Nimekawia. Nilishikwa na homa iliyonilaza, ikaniachia, ikanirudia. Sasa natembea. Kinyozi alikuwa ananiletea chai na mkate, na siku moja akaninyoa ndevu nikiwa kitandani bila hata kuniuliza. Alinikata kidogo. Usimwambie mtu kwamba ni mtu mwema, ataharibika.

Sijagusa M hata moja. Ninafuta D, hata ile niliyoandika kwa ubishi kwenye kioo cha mama yako.

Wewe umekua ukiniona siku mbili tatu, kisha lori linaunguruma. Miaka yote hiyo nililala ndani ya kabini, na humo nilijua kila kitu kilipo hata nikiwa nimefumba macho: tochi, blanketi, spana. Nilipostaafu nikaja kukaa. Nikaikuta nyumba imekamilika, haina tundu la kuniingiza. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila saa ilikuwa na kazi yake, na hakuna palipokosa mtu. Nikachukua kisu cha mama yako nikachunia waya wa redio, kikapata pengo. Hakugomba. Alichukua kalamu yangu kwenye droo akaandika M kwenye mpini. Nami kichwa changu unakijua, hakina gia ya kurudi nyuma. Nikaandika D kwenye kiti. Kesho yake nikakuta M kwenye kabati.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Mama yako alikuwa akiandika huku amefunika mdomo kwa kiganja, namwona mabega yanatikisika. Sijui ni lini kicheko kiliisha na kalamu ikaendelea. Watu wanadhani tuligombana. Hatukugombana. Ingekuwa tumegombana ningejua pa kwenda kuomba radhi.

Alipokuja kwako aliaga kwamba ni wiki mbili. Sasa nyumba yote ni yangu, nami bado nakalia kiti chenye D na kunywea kikombe chenye D. Chake sijakikalia. Nikaona nifute zangu. Akija akute kila kitu ni chake, mimi ndiye niwe mgeni. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwambie hivyo, au usimwambie, wewe utaona.

Ila nikuulize mara moja tu. Mwenyeji atarudi lini?

Baba yako,
Dereva


7 Julai

Baba, shikamoo, na pole sana kwa homa. Ungemwambia kinyozi anipigie mimi, masikio yake si mazima? Mume wangu anakupa pole, anasema akipata likizo atakuja kukusaidia ile vanishi. Mpe kinyozi shukrani zetu, hata kama ataharibika.

Barua yako sikumsomea Mama. Nilimpa aisome mwenyewe. Alivaa miwani akaisoma pale mlangoni penye mwanga, akaikunja vizuri akanirudishia. Akauliza, "Ameugua na hakuna wa kumpa maji?" Nikamwambia alikuwepo kinyozi. Akasema, "Kinyozi." Basi.

Sasa kochi lako. Jaribu kwanza kwa nyuma pasipoonekana, isije ikatoka na rangi ya kitambaa. Lowesha pamba kwa spiriti, usiimimine kwenye kochi. Gusa herufi, inua. Gusa, inua. Usisugue kabisa, ukisugua wino unatawanyika na kuzama ndani zaidi. Anzia pembeni ukielekea katikati, ili doa lisitanuke. Pamba ikishachafuka tupa, chukua nyingine. Utamaliza nyingi, usione tabu. Mwisho pangusa kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha maji matupu, uache upepo ukaushe. Fungua madirisha yote na usiwashe moto karibu. Na kama kuna D ukutani, usidhani utaifunika kwa rangi mpya. Wino ule hupanda juu, baada ya siku chache utaiona inachungulia.

Mama anaendelea vizuri. Anashona mapazia na wanawake wawili wa mtaa huu. Wanakaa barazani na cherehani zao, wanacheka hadi nikitoka shule nawasikia kabla sijafika kona. Amenenepa mashavu. Juzi alikuwa anaimba akiosha vyombo, mume wangu akaniuliza kama hiyo ni redio.

Binti yako,
Kasuku


28 Julai

Binti yangu,

Salamu kwenu. Nimesoma barua yako, nikairudia. Kochi umelijibu ukurasa mzima, mpaka na madirisha. Swali langu umelipita kama basi lisilosimama kituoni.

Dereva huwa anajua aliye mbele yake atakata kona, hata kabla hajawasha taa. Niambie tu, mwanangu. Niko kwenye kochi hapa na pamba zangu, D imetoka nusu.

Baba yako


19 Agosti

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza tena na kuichana. Mume wangu amesema nikiendelea hivi tutakosa karatasi ya kuwashia jiko la mkaa, kumbe ndiyo nampunguzia tabu. Sina utani mwingine wa kuweka hapa.

Mama hatarudi kuishi huko.

Nilimuuliza waziwazi, tulikuwa tunaanua nguo kambani. Nikamwambia, "Baba amefuta D zote."

"Nimesoma."

"Anataka urudi."

"Najua anachotaka." Alikuwa anatoa vibanio na kuvitia mfukoni. "Baba yako ameandika kwamba nyumba haikuwa na tundu la kumwingiza. Ni kweli. Lakini ajiulize lilizibwa na nini. Wewe ulikua ukaolewa. Yeye barabarani. Mimi na redio. Zamani nikisikia lori lolote linapunguza mwendo nasimama. Baadaye nikaacha kusimama. Nilijifunza kukaa peke yangu kama mtu anavyojifunza kazi, Kasuku, na nilipoijua sawasawa, ndipo akaja akataka niiache."

"Unamchukia?"

"Ningemchukia ningerudi, nikagombane naye. Simchukii. Hapa nikiita mtu, anaitika. Siwezi kurudi kule tukakae kimya wawili."

Akanishikisha kapu la nguo. Akaniambia nisikupambie maneno, na sijapamba.

Ya kochi niliyaandika kwa urefu kwa sababu hayo nilikuwa nayajua. Hili sikulijua liandikwe vipi, na hata sasa sijui.

Njoo ututembelee, Baba. Nyumba ni ndogo lakini chumba cha mbele kina godoro. Usiniandikie kwamba goti linakuzuia.

Binti yako,
Kasuku


11 Oktoba

Binti yangu,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu. Yule aliyekuwa utingo wangu, ambaye siku hizi ni dereva kamili na tumbo la udereva analo, aliniteremsha mlangoni na lori tupu, akakataa hata maji, akaenda zake kuwahi shehena nyingine. Mshukuru mume wako kwa kubeba kabati lile mgongoni na kulipitisha mlangoni bila kulikwaruza. Najua mlishtuka kuona lori linaingia kinyumenyume na vyombo vyote vile bila taarifa. Ningeandika kwanza ungenikataza, na mama yako angesema hataki kitu. Vitu vyenye M vilikuwa vyake. Havikuwa na kazi ya kunilinda mimi.

Siku ile ya pili ulipokuwa shuleni kuna jambo hukuliona, na najua mama yako hatakusimulia. Nilikuwa nimekaa barazani. Akatoka ndani na chupa ya spiriti, pamba na dawa ya meno, akaviweka chini kati yetu.

"Hizi herufi zitanitia aibu mbele ya wenzangu," akasema. "Watauliza M ni nani."

Akaanza na kabati. Nikamwona anafungua spiriti.

"Hiyo ni vanishi," nikamwambia. "Anza na dawa ya meno."

Akanitazama. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu."

Akaifunga chupa. Nikavuta kigoda nikaanza upande wa meza, yeye kwenye kabati. Hatukuongea sana. Aliniuliza la goti, nikamjibu. Nilimuuliza kama mapazia yana soko, akasema yanakwenda. Nilipokuwa nakandamiza mno akaushika mkono wangu, akaupunguza kasi, akauachia. Mchana wote ulituishia pale. Wale wenzake wawili walikuja, wakatuona, wakageuza bila kusalimia, na kwa mbali nikawasikia wanacheka. Mama yako naye akacheka, amefunika mdomo.

Sikumwomba arudi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, utingo ni shahidi, nilimsumbua nayo. Lakini nilimwona alivyokuwa akiitikia watu wanaopita, kila mmoja na salamu yake, nikaona yale maneno yangu ni ya kumtoa mtu mezani hajashiba.

Nyumba hii sasa ina mwangwi, hata mimi na masikio haya nausikia. Nimebaki na kitanda, kiti, na vyombo vya mtu mmoja. Jana seremala wa barabara ya juu aliniletea meza ndogo. Nikaiweka chini ya dirisha. Halafu nikaisogeza karibu na mlango, penye upepo. Nikaipeleka jikoni, nikairudisha. Kila nilipoiweka, ilikaa sawa. Nilisimama katikati ya chumba nimeishika pembe, na ilichukua muda kabla sijaelewa kwamba namsubiri mtu aniambie si hapo.

Nimeiacha ukutani. Ndiyo ninayoandikia barua hii.

Baba yako